Nani Aliuliza, Nani Alijibu: Utangulizi wa Historia ya Mahali ya Uingereza na Uskoti

Utangulizi huu ni kwa ajili ya mtu anayetaka kuchunguza historia ya kijiji kimoja, mji mdogo au parokia moja ya Uingereza au Uskoti, lakini hajui aanzie wapi. Huenda wewe ni mwanafunzi wa historia Dar es Salaam au Nairobi, unafuatilia asili ya mmisionari au mtawala aliyefika kwetu. Huenda unaishi Leicester au Glasgow, na watoto wako wanasoma katika shule iliyojengwa kabla babu yako hajazaliwa. Vyovyote iwavyo, upo mlango mmoja ulio wazi kwenu nyote: vitabu vya rejea vya zamani. Ninakusudia kamusi za mahali, historia za kaunti, saraka za biashara, taarifa za parokia na majedwali ya sensa. Vingi vimekwisha muda wa hakimiliki, maktaba kubwa zimevipiga picha, na vinasomeka mtandaoni bila malipo.

Katika kurasa hizi Uingereza ni ile nchi iliyo kusini ya Uskoti, si Ufalme wa Muungano wote. Tofauti hiyo ni ya lazima, kwa sababu nchi hizi mbili zilikuwa na sheria, makanisa na namna za kuweka kumbukumbu zilizotofautiana, na kila moja ina vitabu vyake.

Hoja yangu ni moja, nayo itatuongoza mpaka mwisho. Kila kitabu cha rejea ni majibu ya maswali. Yupo aliyeuliza, yupo aliyejibu, na lipo jambo ambalo muulizaji alilitaka. Ukiyajua hayo matatu kabla hujafungua ukurasa wa kwanza, kitabu kitakupa hata kile ambacho mwandishi wake hakukusudia kukwambia. Usipoyajua, utayachukua maneno ya upande mmoja ukadhani ndiyo historia ya mahali pote.

Maswali ya mfalme

Tuanze na mfano mkongwe kuliko yote. Krismasi ya mwaka 1085, mfalme William, aliyeiteka Uingereza mwaka 1066, alikaa na baraza lake mjini Gloucester akaamuru nchi ikaguliwe. Kazi ilifanyika mwaka 1086, na matokeo yake ndiyo Domesday Book, ambayo leo iko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa huko Kew, London. Inataja zaidi ya vijiji na miji 13,000.

Bahati nzuri orodha ya maswali imesalia katika nakala ya uchunguzi uliofanywa kwenye ardhi za abasia ya Ely. Wakaguzi waliuliza: jina la milki ni nani? Nani aliishika zama za mfalme Edward, yaani kabla ya uvamizi, na nani anaishika sasa? Kuna plau ngapi za bwana na ngapi za watu wake? Wakulima waliofungwa kwa bwana ni wangapi, na watu huru, na watumwa? Msitu, malisho, vinu na mabwawa ya samaki ni kiasi gani? Thamani yake ilikuwa nini zamani, na sasa ni nini? Na je, yaweza kutoa zaidi ya inavyotoa?

Swali hilo la mwisho ndilo linaloufungua moyo wa kitabu. Mfalme alitaka kujua mali na kodi. Kwa hiyo Domesday haihesabu watu wote, inahesabu wakuu wa kaya na wale waliokuwa na maana katika uzalishaji. Wanawake na watoto karibu hawaonekani. London na Winchester hazimo, wala kaunti za Durham na Northumberland zilizo kaskazini kabisa. Mtafiti akikuta kijiji chake hakikutajwa, asiseme hakikuwapo. Aseme hakikuulizwa, au kilihesabiwa ndani ya milki nyingine.

Chukua kijiji cha Laxton katika kaunti ya Nottinghamshire. Domesday inatuambia kwamba kabla ya uvamizi kilikuwa cha mtu aitwaye Tochi, na baada yake kikawa cha Geoffrey Alselin. Jina la kwanza ni la asili ya Kideni, la pili ni la bwana mpya aliyekuja na William. Kwa majina mawili tu, mabadiliko makubwa ya dola yanaonekana yakitua juu ya kijiji kimoja. Tutarudi Laxton tena, kwa sababu ni mahali pazuri pa kujifunzia.

Waungwana na kaunti zao

Baada ya mfalme, zamu ya kuuliza ilikuwa ya waungwana. Mwaka 1576 William Lambarde alichapisha kitabu juu ya Kent, cha kwanza kuhusu historia ya kaunti moja. Miaka kumi baadaye William Camden alitoa Britannia kwa Kilatini, akiielezea nchi yote kaunti kwa kaunti. Mwaka 1656 William Dugdale alichapisha historia ya Warwickshire, ambayo ikawa kigezo kwa waliomfuata, na mwaka 1677 Robert Thoroton akafanya hivyo kwa Nottinghamshire.

Waandishi hawa walikuwa watu wa ukoo na ardhi, na wasomaji wao vilevile. Walichouliza ni milki ilipita kwa nani mpaka kwa nani, nani alimwoa binti wa nani, makaburi ya kanisani yana nembo za nani. Ukitaka kujua mashamba yalirithiwa vipi kwa miaka 400, hutapata mwalimu bora. Ukitaka kujua fundi viatu alikula nini, itakubidi uende kwingine. Hata hivyo usiwadharau. Waliyanakili maandishi ya makaburi na hati ambazo baadaye ziliungua, zilioza au zilitupwa, na mara nyingine nakala yao ndiyo shahidi pekee aliyebaki.

Mwaka 1899 ulianzishwa mradi wa Victoria County History, uliopewa jina la malkia Victoria, kwa nia ya kuandika historia ya kila kaunti ya Uingereza upya kwa kutumia hati za serikali. Tangu 1933 unasimamiwa na Taasisi ya Utafiti wa Historia ya Chuo Kikuu cha London, na juzuu zake nyekundu zimepita 200. Kazi bado inaendelea. Ukizisoma, tazama kwanza mwaka wa kuchapishwa. Juzuu za mwanzo bado zinafuata maswali ya waungwana, yaani milki na kanisa. Za baadaye zinauliza pia juu ya kazi, viwanda, makazi na elimu. Parokia mbili jirani zinaweza kuonekana tofauti kabisa kwa sababu tu moja iliandikwa mwaka 1908 na nyingine mwaka 1990.

Wachungaji wa Uskoti

Nikiulizwa ni kitabu gani cha rejea nisingependa kukikosa, nitataja Statistical Account of Scotland bila kusita. Mwaka 1790 Sir John Sinclair, mbunge kutoka Caithness na mzee wa Kanisa la Uskoti, aliwaandikia wachungaji wa parokia zote za nchi, zaidi ya 900, akiwapelekea maswali 160. Aliuliza kuhusu ardhi na hali ya hewa, idadi ya watu, mazao na viwanda, kisha mambo mengine mengi: mishahara ya vibarua, bei ya chakula, maskini wanasaidiwaje, shule ina wanafunzi wangapi, magonjwa gani yamezoeleka, watu wana tabia gani. Nia yake ilikuwa kupima kiasi cha furaha ya wakazi, na kutafuta njia ya kuiongeza.

Wachungaji wengi walichelewa. Sinclair aliwakumbusha kwa barua baada ya barua, na mahali pengine akatuma watu wake wakakusanye habari. Kati ya 1791 na 1799 zikatoka juzuu 21. Taarifa zilichapwa kadiri zilivyofika, ndiyo maana parokia za kaunti moja zimetawanyika katika juzuu mbalimbali. Anza na faharasa. Zipo taarifa za kurasa mbili tatu, na zipo zinazokaribia kitabu kizima. Nyingi zinalinganisha idadi ya watu na ile iliyokusanywa mwaka 1755 na mchungaji Alexander Webster, hivyo unapata vipimo viwili vya kabla ya sensa ya kwanza ya serikali ya mwaka 1801.

Thamani ya kazi hii iko katika aliyejibu. Mchungaji aliishi parokiani, aliwabatiza watu na kuwazika, aliwajua kwa majina. Lakini mshahara wake ulilipwa na wenye ardhi, nyumba yake na kanisa lake walivijenga wao. Anaposifu ukarimu wa bwana mkubwa, kumbuka nani anayelipa. Anapolalamika kwamba watu wanakunywa pombe kali kupita kiasi au wanapenda mno kwenda mjini kutafuta kazi, kumbuka kwamba anasema kama mlezi wa roho na kama mtu aliyepoteza waumini. Malalamiko yake yana ukweli ndani yake. Kazi yako ni kuyapima.

Mfululizo wa pili ulitoka kati ya 1834 na 1845, juzuu 15, zilizopangwa kwa kaunti. Katikati ya uchapishaji wake, mwaka 1843, Kanisa la Uskoti lilipasuka na wachungaji wengi wakaondoka kuanzisha Kanisa Huru. Kwa hiyo tazama taarifa ya parokia yako iliandikwa kabla au baada ya mwaka huo, na kama mwandishi ni wa waliobaki.

Sasa tuitazame parokia moja kwa karibu: Blantyre, katika Lanarkshire, kando ya mto Clyde. Mwaka 1785 David Dale na James Monteith walianzisha hapo kiwanda cha kusokota pamba. Taarifa ya kwanza ya Sinclair inaikuta parokia wakati kiwanda hakijatimiza miaka kumi. Tarehe 19 Machi 1813, katika jengo la wafanyakazi lililoitwa Shuttle Row, familia yake ikiwa na chumba kimoja, alizaliwa David Livingstone, yule mmisionari ambaye mwili wake ulibebwa na watumishi wake Susi, Chuma na wenzao mpaka Bagamoyo. Alianza kazi kiwandani akiwa na miaka kumi, akiunga nyuzi zilizokatika, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Mfululizo wa pili unaielezea tena parokia hiyo hiyo. Mtafiti anayemtafuta Livingstone huko Blantyre katika sensa ya Juni 1841 hatampata, kwa kuwa aliabiri meli kwenda Afrika Kusini Desemba 1840. Kisha ifungue kamusi ya mahali ya Francis Groome, Ordnance Gazetteer of Scotland, ya miaka ya 1882 hadi 1885. Sasa Blantyre ni parokia ya migodi ya makaa ya mawe, na mlipuko wa Oktoba 1877 ulikuwa umekwisha kuua zaidi ya wachimbaji 200. Vitabu vitatu, parokia moja, na ndani ya miaka 90 umeona pamba ikija na makaa ya mawe yakichukua nafasi.

Kamusi za mahali na saraka za biashara

Karne ya 19 ilileta muulizaji mpya: mfanyabiashara wa vitabu. Samuel Lewis alitoa kamusi ya mahali ya Uingereza mwaka 1831, kisha ya Wales, ya Ireland, na ya Uskoti mwaka 1846. Wanunuzi walijiandikisha kabla, na majina yao yakachapwa. Miaka ya 1870 hadi 1872 ikaja ya John Marius Wilson kwa Uingereza na Wales.

Ingizo la Lewis lina mpangilio wake. Huanza na jina, kisha aina ya mahali, tarafa ya kale na kaunti, umbali na uelekeo kutoka mji wa soko, halafu idadi ya wakazi. Linafuata kanisa: aina ya cheo cha kasisi, thamani ya cheo hicho katika vitabu vya mfalme, nani ana haki ya kumteua kasisi, na kanisa limewekwa wakfu kwa mtakatifu gani. Hapo kwenye vitabu vya mfalme ndipo wengi wanapoteleza. Kiasi hicho cha pauni na shilingi hakikuwa pato la mwaka 1831. Kinatoka katika ukaguzi wa mali ya kanisa ulioamriwa na Henry VIII mwaka 1535. Ndani ya sentensi moja Lewis ameweka sensa ya juzi na kodi ya miaka 300 nyuma, bila kutia alama ya kukuonya.

Saraka za biashara, kama zile za Pigot, White na Kelly, zilijibu swali la mchuuzi: nani anauza nini, na nitamfikiaje? Humo utamkuta mhunzi, mwenye kinu, mwalimu, mjane anayeendesha duka, na mchukuzi wa mizigo, pamoja na siku anazokwenda mjini na nyumba ya wageni anakoshukia. Orodha za wachukuzi ni hazina isiyotumiwa vya kutosha. Zichore kwenye ramani, nawe utaona kila kijiji kilielekea soko lipi. Ila kibarua wa shambani hayumo, mtumishi wa ndani hayumo, na hao ndio waliokuwa wengi. Wapate katika sensa, ambayo kuanzia 1841 imehifadhi majina, na kuanzia 1851 inataja parokia ya kuzaliwa.

Turudi Laxton. Mwaka 1635 Mark Pierce alichora ramani kubwa ya kijiji, ambayo iko katika maktaba ya Bodleian huko Oxford, ikionyesha mashamba ya wazi yaliyogawanywa vipande vyembamba kwa wakulima mbalimbali. Thoroton anakupa wamiliki mwaka 1677, Lewis anakupa parokia mwaka 1831, saraka ya White ya Nottinghamshire inakupa watu wa kazi mwaka 1832. Katika vitabu hivyo itafute pia kwa jina la Lexington, maana kijiji kilijulikana kwa majina yote mawili. Mwaka 1938 mume na mke wa ukoo wa Orwin walitoa kitabu mashuhuri kuhusu mashamba hayo, na hata leo sehemu yake inalimwa kwa utaratibu wa zamani chini ya usimamizi wa mahakama ya zamani ya milki. Hakuna kitabu kimoja kati ya hivi kingekutosha. Vikikaa pamoja mezani, vinajibizana.

Mitego ya kujihadhari nayo

Mtego wa kwanza ni kalenda. Uingereza ilihesabu mwaka mpya kuanzia 25 Machi hadi mabadiliko ya 1752, ilhali Uskoti ilianza kutumia 1 Januari mwaka 1600. Mtoto aliyeandikwa katika daftari la parokia ya Uingereza kuwa alibatizwa 10 Februari 1640, kwa hesabu yetu ni mwaka 1641.

Wa pili ni fedha na vipimo. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, na shilingi moja peni 12. Lakini kufikia karne ya 17 pauni ya Uskoti ilikuwa na thamani ya sehemu moja ya 12 tu ya pauni ya Uingereza. Ekari na maili za Uskoti nazo zilikuwa kubwa kuliko za Uingereza.

Wa tatu ni mipaka. Kaunti zilipangwa upya mwaka 1974 Uingereza na mwaka 1975 Uskoti, na kabla ya hapo vipande vingi vya kaunti vilikuwa vimezungukwa na kaunti nyingine. Cromartyshire ilikuwa vipande vilivyotapakaa ndani ya Ross mpaka mwishoni mwa karne ya 19. Jua mahali pako palikuwa kaunti gani mwaka ule kitabu kilipoandikwa.

Wa nne ndio unaowanasa hata wazoefu: kunakiliana. Kamusi ya 1870 inaweza kuwa imechukua maneno ya 1831, nayo ya 1831 imeyachukua kwa mwandishi wa karne ya 17. Vitabu vitatu vikisema neno lile lile kwa mpangilio ule ule, una shahidi mmoja, si watatu.

Pa kuanzia

Chagua mahali pamoja, padogo. Andika jina lake kwa tahajia zote unazozikuta. Tambua parokia yake na kaunti yake ya zamani. Soma kwanza kamusi ya mahali, kwa kuwa ni fupi na inakupa mifupa. Kisha nenda kwenye taarifa ndefu: Sinclair kwa Uskoti, historia ya kaunti kwa Uingereza. Halafu ramani za Ordnance Survey, shirika la upimaji lililoanzishwa 1791, ambazo Maktaba ya Taifa ya Uskoti imeziweka mtandaoni kwa wingi. Baada ya hapo saraka na sensa. Mwisho ingia kwenye hati zenyewe: madaftari ya parokia, yaliyoamriwa na Thomas Cromwell mwaka 1538 kwa Uingereza, na kumbukumbu za mabaraza ya wazee wa kanisa kwa Uskoti. Kwa kila chanzo andika mistari mitatu: nani aliuliza, nani alijibu, lini.

Msomaji wa Zanzibar anayemjua askofu Edward Steere kwa kanisa la Mkunazini anaweza kwa njia hii kumfuatilia hadi Little Steeping, parokia ndogo ya Lincolnshire aliyoihudumia kabla ya kuja Afrika. Na mazoea hayo yatakufaa hata nyumbani. Vitabu vya wilaya vya Tanganyika vilijazwa na maofisa wa kikoloni chini ya vichwa vilivyopangwa tayari. Maswali yao yanastahili kuchunguzwa kwa umakini ule ule.

Usiogope taaluma hii kwa kuwa si ya nchi yako. Mgeni huuliza mambo ambayo mwenyeji ameyazoea hata hayaoni tena, na vitabu hivi vinamlipa anayeuliza vizuri. Ukikwama, mwandikie mtunza nyaraka wa kaunti, umweleze parokia, mwaka, na ulichokwisha kusoma. Kuuliza si ujinga. Taaluma nzima imejengwa juu ya watu waliouliza. Chagua parokia yako, uanze leo.